Herufi moja, amri nne: programu za kufunga mafaili zituhurumie

Katika chama kimoja cha akiba mtaani kwetu, kijana anayeshika kompyuta alifungua kifurushi cha zamani cha mafaili kwa programu ya tar. Alitaka listi moja tu ya wanachama, na aliipata. Lakini daftari la michango likarudi vile lilivyokuwa wiki tatu nyuma. Tar iliandika faili la zamani juu ya jipya bila kuuliza neno. Akina mama waliokwisha kulipa wakaombwa warudi na risiti zao.

Kijana huyo si mzembe. Alizoea unzip, ambayo ikikuta faili lenye jina lile lile husimama na kuuliza kwanza.

Mimi nalaumu programu zenyewe. Ndugu msomaji, tazama herufi -d. Kwa gzip, maana yake ni kufungua kilichobanwa. Kwa unzip, inaonyesha folda ya kuwekea mafaili. Kwa tar, inalinganisha kifurushi na yaliyo kwenye diski. Na kwa zip, ndugu wa tumbo moja wa unzip, -d inafuta faili ndani ya kifurushi! Tena gzip ikimaliza kubana faili, lile la asili linaondoka, isipokuwa umeweka -k. Zip inaliacha.

Wataalamu watajibu: soma maelezo. Maelezo hayo mengi ni ya Kiingereza, na sisi kompyuta tulifundishwa kwa Kifaransa. Na mtu anayekimbizana na umeme kabla haujakatika hasomi kurasa kumi.

Nakubali kwamba tar ni mzee, ilitoka na Unix ya 1979, na kubadilisha maana za herufi leo kutaharibu kazi za wengi. Siombi hilo. Naomba programu ikiwa na mashaka ilinde faili. Inawezekana: ukiipa unzip -n na -o pamoja, yaani usifute na futa, inakuonya kisha inafuata usifute. Hata tar ya kwenye Linux, ukiiamuru itengeneze na ifungue kifurushi kwa wakati mmoja, inakataa. Mbona basi inanyamaza pale inapofuta jasho la mtu?

Kijana wetu sasa anafungulia vifurushi katika folda tupu, na kwa tar anaongeza -k ili mafaili yaliyopo yasiguswe. Michango ya wiki tatu bado anaiandika upya, risiti moja moja.