Ukali wa Stelingi na Mizani Isiyo Yake

Imani kwamba filamu ya mapigano huonyesha uwezo halisi wa mwigizaji wake wa kupigana imeshika mizizi mirefu kwa watazamaji, kiasi kwamba mjadala wa nani mkali zaidi kati ya Bruce Lee, Chuck Norris, Jackie Chan, Jet Li na Jean-Claude Van Damme umekuwa ukiendelea tangu miaka ya 1970, ukiongezewa majina mapya kila muongo, bila washiriki wake kuuliza kwanza iwapo filamu inaweza kuthibitisha jambo hilo. Katika Kiswahili cha vibanda umiza, yaani kumbi ndogo za video ambako filamu hizi huonyeshwa huku mfasiri akizisimulia papo hapo, neno stelingi hutumika kwa mhusika mkuu asiyeshindwa na vilevile kwa mtu anayemwigiza, na katika kuviita vitu viwili kwa jina moja ndimo kosa zima lilimojificha. Mhusika hushinda kwa sababu mwandishi ameamua ashinde, ilhali mwigizaji wake hajamshinda mtu yeyote. Kinachoonekana ni kazi ya watu waliokubaliana, na hoja inayokigeuza kuwa kipimo cha ukali inastahili kukataliwa, si kwa sababu tu inakosea kuhusu mapigano, bali pia kwa sababu inawadhulumu wale ambao bila miili yao pigo la stelingi lisingekuwa na uzito wowote.

Pambano halisi na pambano la filamu hutofautiana katika shina lake. Katika pambano halisi kila mmoja huficha nia yake, hujaribu kumnyima mwenzake nafasi na muda, na hufurahi pigo lake lisipoonekana likija. Katika pambano la filamu kila mmoja humjulisha mwenzake nia yake, humpa nafasi na muda, na hulipanua pigo ili kamera ilione. Mpangaji wa mapigano, yaani mtaalamu anayebuni mfuatano wa mapigo na kuamua kamera isimame wapi, huligawa tukio katika vipande vifupi vya mapigo machache machache, ambavyo hupigwa picha kimoja kimoja na kurudiwa hadi vikubalike, kisha mhariri huviunganisha. Hata kasi, ambayo mashabiki huitaja kama hoja isiyopingika, inaweza kutengenezwa: filamu huonyeshwa kwa picha 24 kwa sekunde, na kamera ikipunguzwa ikanasa picha 22 au 20 kwa sekunde, mkono uleule huonekana ukienda haraka zaidi utakapoonyeshwa kwa mwendo wa kawaida, na mbinu hiyo ilitumiwa sana Hong Kong. Hayo hayamaanishi kwamba waigizaji hao ni dhaifu. Yanamaanisha kwamba kinachopimwa pale ni ustadi mwingine, tena mgumu sana, wa kumkaribia mtu kwa nguvu zote bila kumuumiza.

Matokeo ya filamu zenyewe yanatosha kuivunja imani hiyo. Katika The Way of the Dragon ya mwaka 1972, Chuck Norris anauawa na Bruce Lee ndani ya Colosseum, ilhali wakati huo Norris ndiye aliyekuwa na taji la karate la uzani wa kati huko Marekani. Katika Wheels on Meals ya mwaka 1984, Jackie Chan anamshinda Benny Urquidez, bingwa halisi wa kickboxing, yaani mchezo wa ulingoni unaochanganya ngumi na mateke, na pambano hilo linahesabiwa miongoni mwa yaliyo bora kabisa katika historia ya sinema. Katika Ip Man 3 ya mwaka 2015, Donnie Yen anastahimili dakika tatu mbele ya Mike Tyson, mtu aliyekuwa bingwa wa dunia wa uzito wa juu akiwa na umri wa miaka 20. Ikiwa filamu ni ushahidi, basi mabingwa wote hao wanapaswa kuandikwa kuwa wameshindwa, na hakuna shabiki mwenye kupima mambo atakayelikubali hilo. Lakini akishakataa kuwahukumu walioshindwa kwa filamu, hana tena haki ya kuwatukuza walioshinda kwa filamu hiyohiyo.

Jambo lililo wazi zaidi ni asili ya waigizaji wenyewe. Cheng Pei-pei, aliyeigiza mpiganaji wa upanga katika Come Drink with Me mwaka 1966, alikuwa amefunzwa baleti. Michelle Yeoh naye alisomea dansi Uingereza kabla ya kuigiza askari katika Yes, Madam mwaka 1985, na watazamaji hawakuona upungufu wowote katika mateke yake. Van Damme pia alipitia mafunzo ya baleti pamoja na karate. Jackie Chan aliingia akiwa mtoto katika shule ya opera ya Kichina ya bwana Yu Jim-yuen huko Hong Kong, pamoja na waigizaji wenzake wa baadaye Sammo Hung na Yuen Biao, akakaa huko takriban miaka kumi akifunzwa kuimba, sarakasi, kupaka uso rangi na kupigana kwa ajili ya jukwaa. Opera hiyo ina utamaduni mrefu wa mapigano yaliyopangwa, ambamo upanga hupita karibu na shingo kwa kufuata mapigo ya ngoma, na sinema ya Hong Kong ilijengwa juu ya msingi huo kuliko juu ya msingi wa ulingo. Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki hapaswi kushangaa, kwani katika kirumbizi wanaume wawili hurushiana na kukingiana fimbo mbele ya ngoma na zumari, na sifa humwendea anayecheza kwa ustadi na madaha, wala hakuna mzee anayemsifu mchezaji kwa kubashiri angewaua watu wangapi vitani.

Watetezi wa imani hii husema kwamba baadhi ya mastaa walikuwa wapiganaji kabla ya kuwa waigizaji, na dai hilo linastahili kujibiwa kwa makini kwa sababu lina ukweli ndani yake. Norris alishindana kweli. Jet Li alikuwa bingwa wa China wa wushu, sanaa za mapigano za Kichina, mara kadhaa katika miaka ya 1970, lakini ubingwa wake ulikuwa wa taolu, yaani mifuatano ya mienendo iliyopangwa ambayo mchezaji huitekeleza mbele ya waamuzi wanaotoa alama kwa usahihi, wepesi na umbo la mwili. Ni sanaa ya kiwango cha juu kabisa, na ndiyo iliyomfanya apendeze hivyo katika Shaolin Temple ya mwaka 1982, ila haikumtaka amwangushe mtu.

Kuhusu Bruce Lee, ambaye jina lake huufunga mjadala kila mahali, kumbukumbu zilizopo ni chache kuliko sifa zinazojengwa juu yake. Mwaka 1958 alishinda shindano la ndondi la shule za Hong Kong, na mwaka huohuo akashinda shindano la dansi ya cha-cha, jambo ambalo mashabiki hulitaja kama kichekesho ingawa linaeleza uigizaji wake kuliko ndondi. Mwishoni mwa mwaka 1964 alipambana faraghani na mpiganaji wa kung fu Wong Jack Man huko Oakland, California, mbele ya mashahidi wachache sana, na masimulizi ya pambano hilo yanapingana hata katika muda wake: upande wa Lee ulisema lilichukua dakika tatu hivi na likaisha kwa ushindi wake, upande wa Wong ukasema lilizidi dakika ishirini bila mshindi wa wazi. Linalokubaliwa zaidi ni kwamba Lee mwenyewe hakuridhika, kwani aliona amechoka upesi na mbinu zake zimembana, ndipo akabadili mazoezi yake na kuanza safari ya fikra iliyozaa Jeet Kune Do, jina alilolipa mfumo wake mwaka 1967. Mtu aliyejikagua kwa ukali namna hiyo ameheshimiwa vibaya na wafuasi wanaomgeuza kuwa kiumbe asiyeweza kuguswa.

Mapigano halisi, yanapotokea hadharani, hayafanani na sinema hata kidogo. Mwezi Januari 1954 huko Macau, Wu Gongyi wa mtindo wa mapigano wa taijiquan na Chan Hak-fu wa mtindo wa korongo mweupe walipambana mbele ya umati mkubwa. Pambano likasimamishwa katika raundi ya pili bila mshindi kutangazwa, na filamu iliyobaki inaonyesha mapigo ya kupapasa na ya ovyo. Hata hivyo, siku tatu baadaye gazeti moja la Hong Kong lilianza kuchapisha hadithi ya mapigano ya Liang Yusheng ili kuitumia hamu ya wasomaji, na kutoka hapo ikakua fasihi mpya ya mashujaa wa upanga ambayo sinema iliichota kwa miongo iliyofuata. Pambano lisilopendeza lilizaa ndoto inayopendeza, na watazamaji wakaja kuichukua ndoto kuwa ndiyo kumbukumbu.

Mwaka 1993, katika shindano la kwanza la UFC, mashindano ya mapigano ya mitindo mchanganyiko, huko Denver, lililokuwa na sheria chache mno, Royce Gracie aliwashinda usiku mmoja wapinzani watatu waliomzidi uzito wote, hasa kwa kuwapeleka chini na kuwapiga kabali, mbinu ambayo kwenye filamu ingeonekana kama watu wawili waliolala wakikumbatiana. Miaka thelathini kabla yake, Desemba 1963, mwanajudo Gene LeBell alikuwa amemkaba bondia Milo Savage hadi akapoteza fahamu katika raundi ya nne, kwenye pambano la wazi lililofanyika Salt Lake City. LeBell hatajwi katika mijadala ya nani mkali, ingawa alikuwa amewahi kuwa bingwa wa judo wa Marekani na alimfundisha Bruce Lee mambo ya kukabana. Hatajwi kwa sababu riziki yake ya Hollywood ilitokana na kuwa mwigizaji mbadala, yaani mtu anayechukua nafasi ya wengine katika matukio ya hatari, na kazi yake ilikuwa kupigwa na kuanguka mbele ya mastaa ambao wengi wao hawangeweza kumsogeza hatua moja.

Hapo ndipo dhuluma ya imani hii inapoonekana. Teke la stelingi huaminika kwa sababu mwenye kulipokea ameukunja mwili wake kwa wakati ufaao, amejirusha nyuma na kuipiga sakafu kwa mgongo, pengine kwa mara ya kumi siku hiyo, na mtazamaji huitoa sifa yote ya tendo hilo kwa mguu ambao huenda haukugusa kitu. Tuzo za filamu za Hong Kong zimekuwa zikiwatunuku wapangaji wa mapigano tangu miaka ya 1980. Waandaaji wa Oscar walitangaza mwaka 2025 tu kwamba wataanzisha tuzo ya ubunifu wa matukio ya hatari, nayo itaanza kutolewa mwaka 2028. Mjadala wa nani mkali umechangia kuchelewa huko, kwa kuwa umezoeza umma kuona mtu mmoja mahali palipo na watu wawili.

Wanaobishana kuhusu Bruce Lee na Jackie Chan husahau kwamba wawili hao walikwisha kukutana mbele ya kamera. Mwishoni mwa Fist of Fury ya mwaka 1972, Lee anampiga adui yake teke linalomrusha na kupenya ukuta wa mbao, na aliyeruka kwa niaba ya mwigizaji wa Kijapani alikuwa Jackie Chan, kijana ambaye hakuwa amefikisha miaka 18, ambaye jina lake halikujulikana na yeyote kati ya watazamaji waliolishangilia teke hilo.