Chungu Wakubwa wa Jangwani na Hofu ya Watoto Wetu

Mkutano wetu wa mwisho hapa Lubondja uliitishwa kwa ajili ya kutengeneza viti vya kanisa, lakini sehemu kubwa ya jioni ile tuliitumia kuzungumza juu ya chungu. Mzazi mmoja alisimama akalalamika kwamba vijana wetu humaliza jioni zao katika chumba cha video, wakitazama filamu ya wadudu wenye ukubwa wa gari. Yeye mwenyewe aliwaona mara moja tu, kupitia dirishani, akakata shauri kwamba ni mashetani. Aliomba sisi walei tuandike barua ya kuipiga marufuku. Tulimjibu kwamba si haki kuhukumu kitu tusichokitazama. Sasa tumekitazama.

Filamu yenyewe inaitwa It Came from the Desert. Ilitoka mwaka 2017, mwongozaji wake ni Marko Mäkilaakso wa Finland, nayo imetokana na mchezo wa kompyuta wa kampuni ya Cinemaware uliotolewa mwaka 1989. Katika mchezo ule, mtaalamu wa miamba anaishi katika mji mdogo wa jangwani nchini Marekani, mwaka 1951. Kimondo kinaanguka, chungu wanakuwa majitu, naye anahangaika kuwashawishi wenyeji waamini kabla hawajaliwa. Katika filamu mtaalamu huyo hayupo. Wapo vijana wa mashindano ya pikipiki, karamu jangwani, maabara ya siri chini ya ardhi, na chungu wanaotoka humo wakiwa na njaa.

Tuseme wazi: ni filamu ya kipuuzi, nayo inajua kwamba ni ya kipuuzi. Walioitengeneza walitaka tucheke, na sisi wazee tuliokwenda kuichunguza kwa nyuso za mahakimu tulicheka. Ulevi wa vijana wale haukutupendeza, na tungependa watoto wadogo wasikae mbele ya sehemu zile. Lakini kuiita kazi ya shetani ni kuipa heshima isiyoistahili.

Wala chungu wa namna ile hawezi kuwapo. Ukirefusha mwili wa mdudu mara mbili bila kubadili umbo lake, uzito wake huongezeka mara nane, lakini nguvu ya miguu inayoubeba huongezeka mara nne tu. Ukiendelea hivyo hadi ukubwa wa gari, miguu itavunjika kabla ya hatua ya kwanza. Tena mdudu hana mapafu. Hewa humwingia kwa vijitundu na mirija myembamba, ambayo isingetosha mwili mkubwa kiasi hicho. Hata zamani za kale, yapata miaka milioni 300 iliyopita, hewa ilipokuwa na oksijeni nyingi kuliko leo, kereng'ende mkubwa kabisa alikuwa na mabawa ya sentimita 70 hivi kutoka ncha hadi ncha. Mwalimu wa sayansi angeweza kufundisha kipindi kizima kwa filamu hii.

Mama zetu hawakuhitaji somo hilo. Wao wanawajua siafu. Wanajua kuamka usiku kwa kelele za kuku, kumnyakua mtoto kitandani, kumwaga majivu mlangoni, kisha kusubiri nje hadi jeshi lipite. Na asubuhi wanarudi katika nyumba isiyo na mende wala panya hata mmoja. Siafu hana ukubwa wowote wa kutisha. Nguvu yake ni wingi na mwendo wa pamoja. Mmoja wa mama hao, baada ya kuitazama filamu, aliuliza kwa nini chungu wale wakubwa hawapangi safari yao vizuri. Hatukuwa na jibu.

Lipo, hata hivyo, jambo moja ambalo vijana hawakuambiwa, na hilo ndilo lililotufanya tuandike. Mchezo wa 1989 ulichota wazo lake katika filamu za zamani za Marekani, hasa Them! ya mwaka 1954, iliyoongozwa na Gordon Douglas. Humo chungu wanageuka majitu kwa sababu ya mionzi ya jaribio la kwanza la bomu la atomiki, lile lililofanyika kweli katika jangwa la New Mexico tarehe 16 Julai 1945. Wamarekani walikuwa wakiogopa kitu walichokitengeneza wenyewe. Na je, malighafi yake ilitoka wapi? Sehemu kubwa ya urani ya mradi ule ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, katika nchi yetu. Mwaka 1940 mkurugenzi wa Union Minière, Edgar Sengier, alikwisha kupeleka zaidi ya tani 1,000 za mawe hayo New York, na mwaka 1942 jeshi la Marekani likayanunua. Wachimbaji Wakongomani waliyashika kwa mikono, bila kuambiwa ni ya nini.

Kwa hiyo chungu wale wana ujomba na sisi. Watoto wa Fizi, ambao wana ndugu katika machimbo ya dhahabu, wanacheka jini lililozaliwa na jiwe la Kongo, na hakuna anayewaambia. Hilo linatusumbua kuliko damu ya rangi ile.

Tunarudi kwa mzazi wetu, kwa maana hofu yake si ya bure. Watoto hawa wanajua kukimbia. Wazazi wao walivuka ziwa mwaka 1996 kwenda Kigoma. Wengine wao wenyewe wamelala porini bunduki zilipolia milimani. Tulidhani kelele za filamu zingewarudisha huko. Tulichokiona ni kinyume: walipiga mayowe, wakashikana mikono, kisha wakacheka kwa nguvu zote, kama watu wanaopumua baada ya kubeba mzigo mrefu. Mmoja tu hakucheka. Alikuwa mdogo, labda wa miaka saba, ameketi karibu na mlango huku akiangalia nje kuliko alivyoangalia kioo. Hapakuwa na mtu mzima wa kumwuliza ana nini, isipokuwa mwenye jenereta aliyekuwa akihesabu noti zake.

Barua ya kupiga marufuku hatutaiandika. Tumezungumza na mwenye chumba, naye amekubali kuanza saa kumi alasiri ili watoto wafike nyumbani kabla ya giza, na kutowaingiza wadogo peke yao. Kuhusu filamu za mapanga hakukubali, na mazungumzo yanaendelea. Sisi tumejipangia zamu, wawili wawili, kila Jumamosi. Mmoja atakaa mbele, ambapo vijana wamemwomba awe anatafsiri kwa sauti kama wafanyavyo wasimuliaji wa ng'ambo ya ziwa, na akifika penye jangwa ataje Shinkolobwe. Mwingine atakaa karibu na mlango.