Mizani Mkononi, Wizi Mfukoni

Wapo wanaotutaka tuamini kwamba masanamu yaliyopigwa katika sarafu za shaba za Warumi wa kale yalikuwa mapambo tu, na kwamba anayeyaita ushirikina ni mtu asiyejua sanaa. Hoja hii haina miguu. Pambo haligawiwi daraja. Katika sarafu nzito za shaba za Jamhuri ya Roma, kila thamani ilikuwa na mungu wake: Janus mwenye nyuso mbili katika sarafu iitwayo asi, Saturn katika nusu yake, Minerva katika thuluthi, Hercules katika robo, Mercury katika sudusi. Maskini aliushika mungu kabla hajaushika mkate.

Lakini tazameni, ndugu zangu, ni nani aliyewekwa kuwa shahidi wa uadilifu wa sarafu yenyewe. Ni Aequitas, mwanamke mwenye mizani mkono mmoja na pembe ya neema mkono wa pili. Moneta naye alichorwa vivyo hivyo. Kiwanda cha sarafu kilikuwa jirani na hekalu la Juno Moneta, juu ya kilima cha Capitolium.

Sasa tuupime ushahidi huo. Zama za Augustus, dinari ilikuwa karibu fedha tupu. Septimius Severus aliishusha hadi takriban nusu fedha, nusu shaba. Mwaka 215 Miladia mwanawe, Caracalla, alitoa sarafu mpya ambayo wataalamu wengi wanasema ilihesabiwa kuwa dinari mbili, ilhali uzito wake ulikuwa wa moja na nusu! Mwisho wa utawala wa Gallienus (253–268), madini ya fedha ndani yake yalikuwa chini ya asilimia 5. Iliyobaki ni shaba iliyorambishwa weupe. Na Aequitas? Bado amesimama, mizani mkononi. Katika siku zake za mwisho Gallienus alitoa sarafu za kuwaomba ulinzi Diana, Apollo, Neptune, Jupiter na wengineo. Fedha ikipungua, miungu ikiongezeka. Mwaka 268 aliuawa na maofisa wake mwenyewe.

Hayo ndiyo mnayoyaita mapambo? Sanamu ile ilikuwa kiapo cha uongo. Anayekijua kisa cha watu wa Madyan haoni jambo geni hapa.

Mwaka 77 Hijria, Khalifa Abdul-Malik bin Marwan alipiga dinari isiyo na sura, maneno matupu. Huko Misri vikatengenezwa vipimo vya kioo vya kuhakikia uzito, vingine vikiwa na mhuri unaoamrisha kutimiza kipimo. Hilo ni la kujivunia.

Ila tusijisifu kupita kiasi. Mwanzoni mwa karne ya 9 Hijria, al-Maqrizi wa Cairo aliandika kitabu kizima juu ya njaa na ughali wa maisha uliowaangamiza watu wa Misri, akiwalaumu watawala Waislamu kwa rushwa na kwa kuyafurika masoko kwa fulusi za shaba. Fulusi zile hazikuwa na mungu yeyote juu yake.