Karakana Ifunguliwe Mlango

Oysterbay jijini Dar es Salaam, kwenye mabanda ya wachoraji wa Tingatinga, kazi hufanyika mbele ya macho ya wapita njia. Mchoraji hupaka kwanza mandhari ya buluu au ya manjano, akaiacha ikauke, ndipo aanze shingo ya twiga na madoa yake, moja baada ya jingine. Mgeni husimama, akatazama, akauliza.

Utaratibu huo haukubuniwa na mshauri wa masoko. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora mwaka 1968, akitumia hadibodi na rangi za mafuta za aina inayopakwa kwenye baiskeli, na picha zake ziliuzwa palepale Oysterbay, kwenye maduka ya Morogoro Stores. Alipofariki mwaka 1972, ndugu na wanafunzi wake, kina January Linda, Adeusi Mandu na Simon Mpata, waliendeleza kazi. Mwaka 1990 kikundi chao kikawa chama cha ushirika. Vijana walijifunza kwa kukaa karibu na wakubwa na kuwatazama, na wanunuzi nao walijifunza hivyohivyo.

Leo wajasiriamali wengi wa sanaa wanafanya kinyume. Wakitafuta oda ya hoteli au ya kampuni inayotaka zawadi za mwisho wa mwaka, wanatuma picha za bidhaa iliyokwisha kung'arishwa, zimepigwa kwenye kitambaa cheupe, na bei chini yake. Mikono iliyoitengeneza haionekani. Hilo ni kosa la kibiashara, na gharama yake huonekana pale bei inapoanza kujadiliwa.

Afisa ununuzi wa hoteli hanunui kinyago kimoja cha kuweka sebuleni kwake. Anataka vipande mia mbili vinavyofanana, vifike kabla ya msimu wa wageni, na vikipasuka ni yeye atakayeitwa ofisini kujieleza. Picha nzuri haimwondolei hofu hiyo. Video fupi ya simu inaweza, ikimwonyesha mbao zilizopangwa kukauka, mafundi wangapi wako kazini, na kipande chenye ufa kikiwekwa kando kisichanganywe na vizima. Akishaona hayo, hata muda wa wiki sita anaoombwa anauelewa. Asipoona, wiki sita kwake ni uvivu, na bei ni tamaa.

Kazuri, kiwanda cha shanga za udongo kilichoko Karen, Nairobi, kinalijua jambo hili vizuri. Kilianzishwa na Susan Wood mwaka 1975 kikiwa na wanawake wawili, na kilikua hadi kuajiri zaidi ya mia tatu, wengi wao wakiwa akina mama wanaolea watoto peke yao. Wageni hutembezwa ndani. Wanaona udongo ukifinyangwa kwa mkono, shanga zikikaushwa, zikichomwa tanuruni, zikipakwa rangi na kurudishwa motoni mara ya pili. Mfanyabiashara mwenye duka ng'ambo aliyepita hapo ana cha kuwaeleza wateja wake watakapouliza kwa nini mkufu mmoja unagharimu kiasi hicho, na hahitaji kubuni neno lolote.

Changamwe, Mombasa, ushirika wa Akamba Handicraft nao umekuwa ukiwapokea wageni kati ya mafundi wenye tezo na tupa. Kwa wachongaji swali zito zaidi ni mti umetoka wapi. Mpingo na muhugu vimekatwa mno, na kwa miaka mingi wahifadhi wamekuwa wakiwahimiza wachongaji wa Kenya watumie mwarobaini, mwembe na miti mingine ya mashambani. Waagizaji wa Ulaya hulifuatilia sana suala hilo. Mchongaji anayeweza kuonyesha gogo la mwarobaini likishushwa kwenye mkokoteni, na mkulima aliyeliuza, ana ushahidi ambao kibandiko cha kijani peke yake hakiwezi kuutoa.

Wapo wanaosema ukionyesha utaibiwa. Hofu yao ina msingi. Michoro ya mtindo wa Tingatinga inaigwa kila kona, kuanzia Zanzibar hadi Nairobi. Lakini mwigaji hahitaji kuingia karakanani. Picha moja iliyokamilika inamtosha. Anachokosa ni ile historia ya mafundi, miaka yao na majina yao, na hiyo ndiyo humpa mnunuzi mkubwa sababu ya kumrudia mwenye asili. Kazi isiyojulikana ilikotoka ni rahisi zaidi kunyang'anywa.

Mipaka ipo. Muundo ambao mteja ameuagiza na hajauzindua ni siri yake. Fundi aulizwe kabla ya sura yake kurushwa mtandaoni, na oda iliyoletwa na sura hiyo ionekane kwenye malipo yake. Kupanga maigizo mbele ya kamera, watu wakivalishwa mavazi wasiyoyavaa kazini, ni udanganyifu, na mnunuzi atakayefika siku moja bila taarifa ataugundua.

Pa kuanzia pako wazi. Kila Julai, kwenye Maonesho ya biashara ya Sabasaba, barabara ya Kilwa jijini Dar es Salaam, mabanda mengi ya sanaa hujazwa bidhaa zilizokamilika na vipeperushi. TanTrade, mamlaka inayoyaandaa, ingeweza kutenga safu moja kwa ajili ya kazi yenyewe: mchongaji na tezo lake, mfinyanzi na udongo wake, mfumaji na kitanda chake cha kufumia, na umeme wa uhakika kwa wenye tanuri. Asubuhi moja, kabla umati haujaingia, maofisa ununuzi wa hoteli na wasafirishaji wa bidhaa nje waalikwe wapite kwenye safu hiyo wakiwa na kalamu na vitabu vya oda.