Krismasi ya sisi tunaobaki Nairobi

Nauli ya basi kwenda Kakamega au Busia ikipanda Desemba, familia nyingi za Kibera na Kawangware husherehekea papa hapa, katika nyumba za mabati. Kwetu Gatwekera, Kibera, mama huanza kukanda unga wa chapati tangu mkesha, na sahani ya kwanza hupelekwa Makina, humu humu Kibera, kwa familia ya Kinubi inayotuletea pilau kila Idi. Namshukuru Mungu kwa sahani hiyo kuliko zawadi yoyote. Waliokuwa Kibera mwaka 2007 wanajua kwa nini: siku 2 baada ya Krismasi tulipiga kura, na kabla mwaka haujaisha majirani walikuwa wakifukuzana kwa ajili ya kura hiyo. Siku hizi shangazi huja na wanawe kutoka Kawangware, tunasali pamoja ndipo tule. Ila mwaka huu ni zamu yetu kwenda kwake.