Mapatano ya Mtoto Yaandikwe Wazi



Tukienda kwa tajiri kutafuta mapatano, hatukubali karatasi isemayo tu kwamba wafanya kazi watalipwa vizuri. Twauliza: shilingi ngapi, tarehe gani, na saa za ziada zitahesabiwaje? Lakini mwanachama huyo huyo akitengana na mkewe, hutia sahihi karatasi isemayo "baba atamwona mtoto wakati ufaao". Ufaao kwa nani? Kwa watu wasiosikilizana, neno hilo ni ugomvi kila Jumamosi, na mtoto amesimama mlangoni na mfuko wake wa nguo.

Katiba ya 2010, kifungu cha 53, yampa mtoto haki ya kutunzwa na wazazi wote wawili sawasawa, wawe wameoana au hawakuoana. Basi iandikwe: baba atamchukua Ijumaa shule ikifungwa, mlangoni pa shule, ili wazee hao wasikutane, atamrudisha Jumapili saa kumi jioni kwa nyanya yake. Likizo za Aprili, Agosti na Desemba zigawanywe kwa tarehe. Mwenye zamu za usiku alete ratiba yake kabla ya mwezi kuanza, na siku aliyokosa kwa ajili ya kazi ilipwe juma lifuatalo. Karo atatoa nani, na dawa nani? Fedha zitumwe kwa simu, ibaki alama.

Jambo moja lipigiwe mstari. Baba akichelewesha fedha, mama asimfungie mtoto ndani. Na mama akimficha mtoto, baba asizuie karo. Kila kosa lina njia yake ya kushtakiwa, na mtoto si rehani ya deni la mtu.

Wako wasemao kuandika hivi ni kutoaminiana. Ni kweli, na ndiyo sababu twaandika. Mapatano yetu na tajiri hupata nguvu yakisajiliwa mahakamani. Haya nayo yapelekwe mbele ya hakimu wa watoto yawe amri. Lakini palipo na kipigo, msiketi mezani kupatana. Nendeni kwanza mkaombe ulinzi wa mahakama. Iko sheria ya 2015 kwa ajili hiyo.

Kabla ya sahihi, karatasi isomwe kwa sauti mbele ya wote wawili, kwa lugha waijuayo. Popote palipoandikwa "ikiwezekana", pafutwe, iandikwe siku na saa.