Ripoti ya moshi isifiche madhara nyuma ya wastani

KUFUTWA kwa leseni ya mradi wa umeme wa makaa ya mawe wa Lamu, Juni 2019, kuliacha funzo. Jopo la Kitaifa la Mazingira (NET) liliamua kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Na takwimu zisizoeleweka hazimshirikishi yeyote.

Hali ni hiyo hasa kwa hesabu za kompyuta zinazokadiria jinsi moshi wa kiwanda utakavyosambaa. Hesabu hizo hutegemea kimo cha dohani, wingi wa moshi na mwendo wa upepo. Huko pwani, kaskazi haipeleki moshi upande mmoja na kusi. Hivyo, wastani wa mwaka waweza kuonekana salama ilhali kijiji kimoja kinavuta hewa chafu msimu mzima.

Ripoti inayowasilishwa kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira (NEMA) yafaa ionyeshe kiwango cha juu zaidi kwa saa na kwa siku, itaje mahali penyewe, ijumlishe uchafu uliopo tayari na ieleze takwimu za upepo zilikotoka. Bila hayo, afisa ataidhinisha asichokijua, na gharama italipwa na mapafu ya wenyeji.